Mafuta ya Kondoo na Mkono wa Mjomba Wako

Mwanangu Paskalina,

Salamu leo sikuandikii. Tumekula makande pamoja mchana huu, na hali yangu umeiona kwa macho yako: nakohoa, goti linauma kwa sababu ya mvua, na sina raha. Wewe umekwenda Endabash kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kubebeshwa debe la maharage. Kwa hiyo ninazo saa tatu hivi. Nimekaa karakanani, karatasi iko juu ya benchi, na ninaandika kwa penseli ya kuchorea mbao kwa sababu kalamu umeondoka nayo. Sijui unazifanyia nini. Kila kalamu inayoingia nyumba hii huishia nyuma ya sikio lako, na nikikuuliza unasema hujaiona, huku imekaa hapo hapo.

Mambo ya safari yako ya kesho kwa mjomba wako Arusha sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia mara nne ukae wapi kwenye lori, ufiche nini kwenye soksi, na usile mayai ya kuchemsha ya njiani. Nikiongeza la tano utaikunja barua hii uifanye kipepeo.

Ninaandika kwa sababu ya swali lako. Uliniuliza Jumapili tukitoka kanisani, ukaniuliza juzi nikiwa juu ya paa la nyumba ya mwalimu nimeshika bati kwa mikono miwili, ukaniuliza tena leo mbele ya mama yako. "Baba, Mjomba Qamara ameandika kuna mashine mbili za misumari dukani Arusha, ndogo na kubwa, zile za upepo. Anasema karakana yake inunue moja, na nichague mimi kwa kuwa nimefundishwa na wewe. Nichague ipi?" Na mimi mara zote tatu nikakujibu jibu lile lile la kipumbavu: "Nyundo ina ubaya gani?" Leo ukacheka. Ukamwambia mama yako, "Baba amezeeka, anaogopa mashine." Naye akacheka. Nikaacha makande yangu nikatoka, mkadhani nimenuna kwa kuitwa mzee.

Sikununa kwa hilo. Swali lako lina jibu, jibu ninalo, na siwezi kulitoa mbele ya mama yako bila kutoa na mambo mengine yaliyo chini yake. Ndiyo maana nimekuwa mkali wiki nzima, hata nikakugombeza kwa kupiga mluzi ukiranda mbao. Endelea kupiga mluzi. Huimbi vizuri, lakini mluzi wako haujapata kuharibu ubao.

Basi tuanze na jibu lenyewe, usije ukasema nimekuandikia kurasa nyingi na ulichouliza hukupata. Chukua ndogo. Ile kubwa ni ya kupigia fremu na mbao za paa. Msumari wake ni mnene na una kichwa. Ukiupiga kwenye bidi, ule ubao mwembamba wa kuzunguka mlango, unaipasua katikati, na hata usipoipasua unaacha alama ambayo mwenye nyumba atawaonyesha wageni. Ninyi mtafanya kazi za ndani: skatingi chini ya kuta, bidi za kuzunguka milango na madirisha, na ule urembo wa pembeni mwa dari. Kazi hiyo inataka msumari mwembamba usio na kichwa. Tundu lake unaliziba kwa puti kidogo, unapiga msasa, unapaka vanishi, na hakuna atakayejua umepita wapi.

Lakini kabla hata ya kuishika, muulize mwenye duka misumari yake iko wapi. Misumari ya mashine hizi haiuzwi kwa kupimiwa kwenye mzani kama hii yetu. Inakuja imegandishwa mstari mmoja kama meno ya kitana, na kila mashine ina ya kwake, haikubali ya jirani. Sisi kule juu, kwenye kazi ya hoteli, tuliwahi kukaa wiki mbili na mashine nzima isiyo na msumari hata mmoja, tukiitazama. Mwenye duka akikuambia misumari itafika mwezi ujao, mwambie na wewe utafika mwezi ujao.

Halafu tazama mdomo wake. Nyingine zina ulimi wa chuma pale mdomoni, ambao usipoukandamiza kwenye ubao mashine haipigi hata ukivuta kifyatulio kutwa nzima. Chukua yenye ulimi. Kama ile ndogo haina, rudi nyumbani mikono mitupu, muendelee kupiga nyundo mpaka ipatikane nyingine. Mafundi wenzako watakuambia ulimi unachelewesha kazi, na ni kweli unachelewesha, na wewe usiwasikilize hata kidogo. Ya kwetu haikuwa na ulimi.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa naogopa kufika, na mvua nayo imeongezeka juu ya mabati mpaka sisikii ninachofikiri.

Kazi ile nadhani unaikumbuka kidogo. Ulikuwa darasa la nne. Mkandarasi mmoja alikuwa anaongeza vyumba kwenye hoteli pale juu, ukingoni mwa kreta, na mimi na Mjomba Qamara tulikuwa tunapanda na lori kila Jumatatu na kurudi Jumamosi. Ninyi nyumbani mliamini kwamba mimi ndiye niliyemwingiza mjomba wako kwenye kazi ile. Sikuwahi kusema hivyo kwa mdomo wangu, ila mlipokuwa mnasema sikuwakatiza. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyenitafutia. Alikuwa amemwekea msimamizi wa kazi mlango wa stoo yake siku moja, msimamizi akaupenda, akamwambia njoo, naye akasema sitakuja bila shemeji yangu.

Msimamizi huyo alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, anayetetemeka kwa baridi toka asubuhi hadi jioni. Hakuwa na neno baya, ila hakuweza kuongea nawe bila kutazama saa yake, tukamwita Bwana Saa. Alinikabidhi mashine mimi kwa sababu mimi nilikuwa mkubwa kwa umri. Akaniambia, "Fundi, mambo matatu. Asubuhi, matone mawili ya mafuta ya mashine hapa kwenye kiungo cha mpira wa upepo. Jioni, fungua tangi la kompresa, hili linalosukuma upepo, maji yatoke. Na kila ukitaka kugusa mdomo wake, chomoa mpira kwanza." Nikasema, "Ndiyo, bwana," huku macho yangu yako kwenye mashine, sikumtazama hata usoni.

Paskalina, sitakudanganya, niliipenda ile mashine kupita kiasi. Unashika bidi kwa mkono mmoja, unaweka mdomo wa mashine, tak, umemaliza. Hakuna kutoboa kwanza, hakuna kuzamisha kichwa cha msumari, hakuna kuponda kidole gumba. Mlango uliokuwa unanichukua nusu siku nikawa naumaliza kabla ya chai. Nikaanza kutembea kwenye vyumba vile nimeibeba begani kama askari. Mjomba wako alikuwa akinishikia mbao, akaniambia, "Shemeji, taratibu. Na makosa nayo yanapigwa haraka." Nikamwambia ashike vizuri aache kuhubiri.

Wiki ya tatu makosa yakajitokeza. Skatingi zote za chumba cha kwanza nilizichonga hapa hapa karakanani kwa mbao za podo zilizokaa chini ya mabati haya zikakauka sana, nikazipandisha juu, nikazipiga siku ile ile. Nilisahau kwamba kule ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi. Mbao zikanywa ule unyevu, zikavimba, zikasukumana kwenye kona, zikabinuka. Na msumari usio na kichwa huwezi kuung'oa kwa nyundo. Unavuta ubao, ubao unakuja, misumari inabaki ukutani imesimama, na unaikata mmoja mmoja kwa koleo umepiga magoti. Mbao zako zilaze kwenye chumba chenyewe wiki nzima kabla ya kuzipiga. Watakuona mvivu, waache wakuone.

Na kidole chako kikae mbali na mahali unapopiga, mbali zaidi ya urefu wa msumari wenyewe. Msumari ule ni mwembamba, hauna nguvu ya kubishana na ubao. Ukikutana na fundo au na mti mgumu kama mloliondo unapinda humo humo ndani, unafuata nyuzi za mti, unatokea ubavuni. Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha ubao huo huo, si kipande chochote ulichookota. Msumari ukizama mno, punguza upepo wa kompresa. Ukibaki umechungulia, ongeza kidogo. Hayo utayajua ndani ya siku mbili, una mkono mzuri kuliko wangu, na kona zako za nyuzi arobaini na tano hunipa wivu ambao sijawahi kuutamka.

Sasa mafuta.

Miaka ile unaikumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, mpaka kiberiti tulikuwa tunakipasua kijiti kimoja mara mbili. Chupa ya mafuta ya mashine aliyonipa Bwana Saa ikaisha, na nyingine haikuja. Kila Jumamosi anasema ataleta Jumatatu. Mashine ikaanza kuwa nzito, inapiga kwa kukohoa. Na mimi nikajiona mjanja.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kakesio, mfugaji, aliyekuwa akipita pale na kondoo zake, naye alinipa kibuyu kidogo cha mafuta ya mkia wa kondoo kwa ajili ya kifua cha mdogo wako. Unajua sisi maseremala wa huku tulivyo na mafuta hayo. Tunapaka chini ya randa iteleze, tunapaka kwenye msumeno, tunapaka kwenye skrubu kabla ya kuizungusha. Babu yako alipaka, mimi ninapaka, wewe unapaka mpaka unanukia hivyo kanisani. Nikafikiri mafuta ni mafuta. Nikayayeyusha kwenye kijiko saa saba mchana, jua limetoka kali, nikadondosha matone mawili mahali pale pale alipoonyesha Bwana Saa, halafu kwa uroho nikaongeza mengine manne. Mashine ikapiga vizuri kuliko siku zote. Nikamwonyesha kila mtu. Nilimwonyesha hata mpishi.

Mjomba wako alinitazama akasema, "Shemeji, haya mafuta kesho asubuhi yatakuwa jiwe. Hujaona bakuli la nyumbani?"

Nikamwambia, "Wewe shika bidi."

Kila mtoto wa Karatu anajua mafuta ya kondoo yanaganda kukiwa na baridi. Wewe ulijua ukiwa na miaka mitatu, ulikuwa unayachimba kwa kidole. Na mimi, mtu mzima, fundi wa watu, niliyaweka ndani ya mashine nikaipeleka kulala mahali ambapo hata maji ya kunawa yanakata vidole. Nikikumbuka hapo nataka kujipiga kofi.

Asubuhi yake ilikuwa ukungu mtupu. Tulikuwa kwenye mlango wa chumba kinachoelekea kibaraza, na Bwana Saa alisema atakuja kuukagua saa mbili. Mjomba wako ameshika bidi, mimi nikavuta kifyatulio: kimya. Nikavuta tena: kimya. Mara ya tatu ikatoa pumzi kidogo, msumari haukutoka. Nikajua ni mafuta, na nikajua kwamba yeye naye amejua, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko baridi. Kulikuwa na jiko la mkaa la chai hapo kibarazani. Nikaenda nikaiweka mashine karibu na jiko ipate joto, na mpira wa upepo nikauacha umeunganishwa, kwa sababu kiungo chake kilikuwa kigumu na nilikuwa na haraka.

Akasema, "Chomoa mpira kwanza."

Nikasema, "Unanifundisha?"

Mashine ilipopata joto niliiokota. Niliishika kama mtu anavyoshika ndoo, vidole vyote kwenye mpini, kimoja juu ya kifyatulio. Nikamgeukia, nikamwelekezea, mdomo ukiwa mbele, nikamwambia kwa kejeli, "Haya, ishike wewe unayejua." Alinyoosha mkono wa kushoto kuipokea.

Haikutoa hata mlio mkubwa. Tak, kama siku zote. Msumari uliingia kwenye kiganja ukatokea upande wa juu, kati ya mifupa ya vidole viwili vya mwisho. Mimi niliiachia mashine. Yeye, na mkono wake umetobolewa, aliidaka kwa mkono wa kulia isianguke, maana ilikuwa mali ya watu. Ndivyo Bwana Saa alivyotukuta: Qamara ameshika mashine, na mimi nimesimama mikono mitupu.

Akauliza, "Nani alikuwa na mashine?"

Mwanangu, swali lilikuwa rahisi kuliko la kwako. Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Bwana Saa akarudia, na safari hii hakutazama saa. Mjomba wako akanitazama, akangoja, halafu akasema, "Mimi, bwana. Niliteleza."

Nilipokuwa namfunga kitambaa aliniambia kwa sauti ndogo, "Wewe una watoto wanne, shemeji. Mimi nina mbuzi." Hakusema zaidi. Nadhani alifikiri nitakwenda kunyoosha maneno baadaye, mambo yakishatulia, na mtu yeyote angefikiri hivyo. Aliachishwa kazi siku ile ile, akateremka na lori la mchanga. Hospitali waliutoa msumari, wakamtunza vizuri, lakini vidole vile viwili havikukunjika tena. Mimi nilibaki nikamaliza milango kumi na moja iliyokuwa imesalia. Mafuta ya mashine yalikuja Jumatatu iliyofuata.

Nyumbani mama yako aliniuliza, nikamwambia, "Aliteleza." Neno moja tu. Mama yako akavaa kitenge akaenda Endabash kwa ndugu yake, akamsema mbele ya mama yao: kwamba amecheza na kazi ya watu, kwamba amemwaibisha shemeji yake. Qamara hakujitetea. Kabla ya mavuno alikuwa ameshahamia Arusha. Tangu hapo ni barua za mistari miwili, wa kwetu wazima na wa kwenu je. Mpaka leo bibi yako akimsifu mtu hodari wa kazi huongeza, "Si kama Qamara wangu." Huenda amekuambia hivyo hata leo wakati anakufungia maharage yako. Kila akisema hivyo mimi hutazama pembeni, na nimetazama pembeni miaka minane.

Na huyo Qamara, kwa vidole vinane, amejenga karakana yake mwenyewe, akakuita wewe ukafanye kazi benchi moja naye. Akaandika uchague mashine kwa kuwa umefundishwa na mimi. Nimeisoma barua yake mara nyingi nikitafuta mahali anaponichoma. Hakuna. Anauliza hali ya goti langu.

Nilipoanza kuandika, mpango wangu ulikuwa huu: nikupe barua kesho asubuhi wakati lori linawashwa, usome njiani, na ukifika umwambie mjomba wako kwamba baba yako anajua alichofanya. Niliuona mpango mzuri sana. Nimeuona mzuri mpaka nusu saa iliyopita.

Mama yako aliingia na chai. Akauliza, "Unaandika nini tangu mchana? Mtoto anakwenda Arusha, haendi Ulaya." Sijui ni nini kilinipata. Nikamwambia yote, hapo hapo, amesimama na kikombe.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

"Nani alikuwa na kidole kwenye kifyatulio?"

"Mimi."

"Na yule bwana alipouliza?"

"Nilinyamaza."

"Na mimi nilipokuuliza?"

"Nilinyamaza."

"Hukunyamaza. Mimi uliniambia aliteleza."

Nikasema ndiyo. Akaweka kikombe juu ya ukurasa wa pili, ndiyo hiyo alama ya duara utakayoiona. Akasema, "Nilimtukana mbele ya mama. Mkono umefungwa kitambaa, damu inaonekana, na mimi namtukana. Akaniangalia tu." Akafuta macho kwa upande wa kitenge, kwa hasira, si kwa kutaka nimwone. "Na sasa ulitaka kumtuma Paskalina akakusemee?"

Akatoka. Nikasikia sanduku linafunguliwa, kabati linafunguliwa, vitu vinatupwa. Nikadhani anafunga vya kwake, arudi Endabash. Nimekaa na mama yako miaka ishirini na mbili na sikuwahi kuusikia mlango wa kabati ukifungwa namna ile.

Alirudi akasimama mlangoni, mvua nyuma yake. "Koti lako na shati jeupe nimeviweka kwenye sanduku la mtoto. Kesho unapanda lori."

Nikaanza, "Kazi ya mwalimu bado paa..."

"Paa litangoja. Mwenzako amengoja miaka minane." Halafu akasema kwa upole zaidi, na upole huo uliniuma kuliko makelele, "Mimi nitakuja mwezi ujao. Nina yangu ya kumwambia, usinisemee." Akachukua kikombe akaenda nacho, chai sijainywa.

Basi nakuja. Barua hii nitakupa leo ukirudi, kabla ya chakula, uisome ukiwa peke yako. Ninaijua safari ya kuteremka ile mikunjo ya Manyara na wewe: nitaongea habari za podo, nitaongea habari za mvua, nitamlaumu dereva, na la maana halitatoka. Ni lazima ulijue kabla hatujafika. Nikisimama mbele ya mjomba wako usisimame pale hujui baba yako amefuata nini. Na ukishasoma, ukiona hutaki kukaa karibu nami kwenye lori, kaa upande mwingine. Sitakuuliza kwa nini. Nitaumia, lakini sitakuuliza.

Nilikufundisha kushika msumeno, nikakufundisha kunoa patasi, na kila ulipokosea nilikupigia kelele mpaka majirani wakachungulia. Umekubali kosa lako kila mara. "Ni mimi, Baba, nimepima vibaya." Ulisema hivyo ukiwa na miaka kumi, ukiwa na kipande cha mninga kilichokatwa kifupi mkononi, na mimi nikaendelea kukugombeza. Sikujua wapi ulijifunzia kusema hivyo. Hakika si kwangu. Nisamehe kwa kelele zile, nyingi nilikuwa najipigia mwenyewe.

Jambo moja tu ninakuomba kwa kesho. Najijua. Tukifika Mto wa Mbu nitaanza kusema tumbo linauma. Tukifika Makuyuni nitasema nimeacha ufunguo wa karakana mlangoni, nitasema lazima nirudi, nitaapa, nitaweka mkono kwenye mlango wa lori. Wewe usinijibu, mwanangu. Mwambie dereva asisimame.

Baba yako